Kutoka Sista Sindano Hadi Mama Mapovu: Maisha ya Muuguzi wa Chanjo

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na nyinyi wauguzi mliokuja na sare zenu nyeupe, poleni na asanteni kwa kufika. Familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha ya mama yetu kwa kuwa mimi ni kifungua mimba wake, na kwa kuwa, kama alivyosema baba mdogo tulipokuwa tukipanga ratiba, katika watoto wake wote ni mimi peke yangu niliyewahi kumkimbia. Hilo ni kweli, na mama mwenyewe aliniagiza nisilifiche.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1952, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, ambako baba yake alikuwa akifunga mabehewa. Alipenda kutusimulia habari za paka wa nyumba ile, ambaye kila akisikia honi ya treni ya saa nne alikimbilia mlangoni na kukaa wima, kwa kuwa saa hiyo babu alikuja kunywa chai na kumtupia kichwa cha samaki. Babu alipobadilishiwa zamu akawa haji tena saa nne, paka aliendelea kukimbilia mlangoni kwa wiki kadhaa, kila siku akikaa muda mfupi kuliko jana, mpaka siku moja honi ikalia na yeye asiinue hata sikio. Mama alikuwa na miaka saba, na alisema alimlilia yule paka kuliko alivyowahi kumlilia mtu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1970, akifaulu masomo yote isipokuwa hesabu, kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa akipiga rula mezani kabla ya kuuliza swali na kuipiga mkononi baada ya jibu. Mtu huyu aliyekuja kupima dawa za watoto kwa miaka thelathini na minane bila kukosea, mpaka uzeeni alikuwa akijumlisha kwa vidole chini ya meza, akijificha, na mtu akiangusha kijiko mezani anapoteza hesabu na kuanza upya. Sisi wanawe tulikuwa tukiangusha vijiko makusudi, Mungu atusamehe.

Januari 1971 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu tarehe 30 Novemba 1973, na tarehe 2 Januari 1974 akaripoti kazini katika kliniki ya mama na mtoto, akapewa chumba cha mwisho cha korido, chumba cha sindano. Wengi wenu mlipita humo mkiwa mmebebwa. Palikuwa na benchi moja, dirisha moja lililopakwa rangi nusu, jiko la mafuta ya taa, na sufuria ya kuchemshia mabomba ya kioo na sindano, ambazo zilikuwa zikigongana ndani ya maji muda wote, na mtoto aliyewahi kuingia mara mbili hakuhitaji kuingia ya tatu ili alie, alianza koridoni kwa kusikia mlio ule tu. Ndani ya mwaka mmoja akapewa jina la Sista Sindano. Kina mama wakaanza kulitumia majumbani kunyamazishia watoto, na yeye, aliyechagua kazi hiyo kwa sababu alipenda watoto kupita kiasi, akawa hawezi kwenda dukani bila watoto kujificha nyuma ya magunia.

Tarehe 16 Aprili 1977 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, na picha ya siku hiyo ipo ukutani kwetu, bibi harusi amevaa gauni jeupe anacheka, na mbele yake watoto wa maua, wawili kati yao wako chini wanalia, wa tatu haonekani kwa sababu alishatoka mbio. Wale watoto walishazoea kuwa mama akiwa amevaa nyeupe kuna jambo linafuata. Baba alikuwa akisema alioa huku kanisa zima likimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyewafinya.

Mwaka 1978 mama alijaribu dawa yake ya kwanza ya woga huo, akanunua pipi, na kila mtoto alipoingia alimpa pipi kwanza, aonje utamu, ndipo achome. Alidhani amepatia. Baada ya miezi mitatu mwenye duka la pale kona alikuja kliniki mwenyewe, amefura, akamwuliza, "Sista, umewafanya nini watoto? Nikimpa mtoto pipi anashika paja." Mama alicheka mbele ya yule mzee, kisha akajifungia chumbani, maana aliona sasa amewaharibia hata pipi.

Nilizaliwa mimi tarehe 3 Juni 1979, na kwa maelezo ya shangazi, dada wa baba aliyekuwa akiishi nasi, nilikuwa mtoto wa kumng'ang'ania mama kama kupe. Februari 1981, nikiwa na miezi ishirini, nilishikwa na nimonia, dawa ikawa ni sindano asubuhi na jioni kwa siku kumi, na kwa kuwa muuguzi mwenzake alikuwa likizo na hapakuwa na wa kumwachia, mama alinichoma mwenyewe, nyumbani, shangazi akinishika miguu na baba akiwa amesimama nje, hataki kusikia. Nilipona. Siku ya kumi na moja mama alirudi kutoka kazini mikono mitupu, hana sindano wala dawa, akainama kunibeba, nikapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Kuanzia siku hiyo nilimkimbia mama yangu. Nilimkimbia akiwa na koti jeupe na akiwa hana, nilikimbia harufu ya spiriti mikononi mwake, nikawa nalia hata shangazi akikoroga chai kwenye glasi, kwa sababu kijiko kililia kama sindano kwenye sufuria. Nilikula kwa shangazi, nililala kwa shangazi, na neno "mama" nikampa shangazi, jambo ambalo shangazi, aliyekaa pale mstari wa mbele, hajajisamehe hadi leo ingawa hakuwa na kosa. Watu walimwambia mama anichape nitazoea. Bibi alimshauri anibebe kwa nguvu mpaka nichoke kulia, akajaribu mara moja, nikatapika, hakurudia.

Aliyemsaidia alikuwa mkufunzi wa saikolojia wa chuo cha ualimu, aliyeleta mjukuu wake kuchanjwa Mei mwaka huo akamkuta mama anafuta machozi kwa pamba ya kazini. Alimweleza habari za mbwa aliyelishwa kila baada ya kengele mpaka kengele peke yake ikawa inamtoa mate, na mama akamkatisha akamwambia mbwa huyo yeye alimfahamu, ila alikuwa paka. Kisha mkufunzi akamwonyesha kosa la pipi, kwamba mtoto hujifunza kitu gani kinatangulia kipi, kwa hiyo pipi iliyotangulia sindano ilikuwa imegeuka tarishi wa maumivu. Akamwambia pia kwamba woga uliofundishwa haufukuzwi kwa kiboko, unafundishwa upya, kwa kukileta kile kinachoogopwa kikiwa mbali na kidogo, pamoja na kitu cha kufurahisha, na kuondoka kabla kilio hakijaanza.

Mama alianzia nyumbani. Alioga kliniki kabla ya kurudi, koti akaliacha kule, na kila jioni aliketi kwenye kigoda mwisho kabisa wa baraza, hatua kumi na nne kutoka nilipokuwa nikicheza, akipuliza mapovu ya sabuni kwa bua la jani la mpapai, bila kuniita, bila kunitazama. Siku akiona nimetulia, kesho yake alisogeza kigoda hatua moja. Daftari lake ninalo, la kurasa arobaini na nane, limeandikwa kwa penseli, "Hatua kumi na mbili, ameangalia povu", "Hatua tisa, amecheka, nimeondoka haraka", "Hatua saba, kijiko kimeanguka, amelia, rudi kumi". Tarehe 19 Septemba 1981 ameandika kwamba nilikwenda mwenyewe nikakaa mapajani pake. Chini yake, kwa mwandiko mdogo, ameandika, "Amekuja. Sijui kama amenijia mimi, au nimemzoesha tu."

Sentensi hiyo ilimkaa mama moyoni miaka arobaini na miwili. Aliniuliza nikiwa darasa la sita, akaniuliza siku ya harusi yangu huku ananifunga vifungo vya mgongoni, nusu utani, nusu kweli, kama nampenda au ni yale mapovu. Nilikuwa namjibu kwa mzaha, mama acha mambo yako, na naungama mbele yenu kwamba sikujua anauliza kweli. Mkufunzi naye aliwahi kuulizwa, akasema somo lake linaona mtoto anakwenda wapi, halioni anakwenda kwa nini.

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa tarehe 22 Januari 1983, na kitinda mimba tarehe 9 Oktoba 1986, na hao wawili hakuwachoma sindano hata moja, alibadilishana zamu. Kati ya mwaka 1984 na 1986 alisoma masomo ya jioni akapata stashahada ya saikolojia ya malezi, huku akiwa amebadilisha chumba chake cha kazi kiasi cha kutotambulika. Sufuria ilihamishiwa chumba cha nyuma, makoti yakawa ya rangi ya machungwa, pipi ikatolewa baada ya sindano na kamwe isitangulie, na kila Alhamisi ikawa siku ya kuja kucheza bila mtu yeyote kuchomwa. Mganga mkuu alimwuliza kliniki inafaidika nini na siku isiyo na mgonjwa, akamjibu kwamba inafaidika na Ijumaa. Mwaka 1990 jina la Sista Sindano lilikuwa limekufa, watoto wanamwita Mama Mapovu, na wanafunzi wa uuguzi wakaletwa kujifunza kwake hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2012. Baba alitutangulia mwaka 2016, na mama alibaki na bustani yake, wajukuu sita, na tabia ya kuwapongeza hata kuku wakiingia bandani kwa wakati.

Upande wangu, mafunzo ya mama yalinirudisha kwake lakini hayakufika hospitali. Mimi ni fundi umeme, naning'inia juu ya nguzo tangu asubuhi bila wasiwasi, ila nikinusa spiriti miguu inataka kuondoka. Wanangu wawili niliwajifungua nimejifunga leso yenye marashi puani, na tangu hapo sikukanyaga wodi, hata kumwona baba. Hilo ni deni ambalo siwezi kulilipa tena.

Mwaka 2021 mama aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa akienda na kurudi, na tarehe 6 Mei 2024 akalazwa. Wadogo zangu waliingia, mimi nikabaki langoni na chupa ya uji. Mama alituma ujumbe kwamba nisilazimishwe, na kesho yake akamwandikisha kitinda mimba mpango kwenye karatasi, Jumanne langoni, Jumatano kwenye ngazi, kisha korido, kisha mlango wa wodi, nisogee pale tu nitakapokuwa nimetulia. Alikuwa na mrija wa oksijeni puani na bado ananipangia hatua. Nilifuata. Kufika tarehe 10 nilikuwa bado niko kwenye ngazi.

Tarehe 11 asubuhi daktari alimweleza mdogo wangu kwamba siku zilizobaki ni chache kuliko zile hatua. Niliingia. Sikuwa nimetulia hata kidogo, nilipita korido nzima nikishika ukuta, toroli la vyuma likapita likigonganagongana, nikatapika kwenye ndoo ya mhudumu wa usafi, ambaye namwomba radhi kama yupo hapa, nikaenda mpaka kitanda cha saba nikakaa. Mama alifungua macho, akaitazama mikono yangu jinsi inavyotetemeka, akasema, "Mbona umeruka hatua?" Nikamwambia, "Nimekuja kukuona wewe, Mama." Alinivuta mkono mmoja akaushika. Kisha akasema, "Hili sikukufundisha mimi."

Nilikaa naye siku hizo zote. Hofu haikuondoka hata siku moja, ilikaa pale pale kwenye kiti pamoja nami, na sikujali. Marehemu alifariki tarehe 15 Mei 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, miezi tisa na siku nne, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Ameacha watoto watatu, wajukuu sita, wifi yake ambaye ni mama yetu wa pili, na watu wazima wengi wa mji huu wenye alama ndogo kwenye bega la kulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa yule muuguzi kijana ambaye kila alipokuja kumchoma mama alivua koti lake mlangoni kwa ajili yangu bila kuombwa. Tunawashukuru majirani waliolala nasi, wafanyakazi wa kliniki waliofunga chumba chake leo, mafundi wenzangu waliopandisha taa hizi, na mjukuu wa yule mkufunzi aliyesafiri usiku kucha kutuwakilishia babu yake. Hatuwezi kumtaja kila mtu, kila aliyetushika mkono tumemwona.

Mama, uliuliza mara nyingi, na jibu umeliona kwa macho yako. Pumzika sasa kwa amani.