Gunia la Baba kwenye Mchanga wa Doha

Bwana asifiwe na nyinyi mliotoka shifti sasa hivi, na asifiwe na nyinyi mnaochungulia saa kwa sababu basi la kampuni halingojei mtu. Sitawachelewesha sana. Nasema "sana" kwa sababu nikianza habari za gofu, hata mke wangu hukata simu.

Ndiyo, gofu. Msicheke. Baba yangu alikuwa mchezaji wa kulipwa tangu enzi za wakoloni. Alianza kwa kuwabebea mifuko ya fimbo zao za gofu, akajifunza kwa fimbo iliyovunjika aliyoifunga kwa waya, mpaka siku akawashinda wao wenyewe. Vikombe alipewa, lakini chai aliinywea nje, kwenye mlango wa jikoni. "Nje kulikuwa na hewa nzuri," alikuwa akituambia, halafu anatabasamu.

Kwetu ni kukavu. Palipokuwa na shimo la kuingizia mpira hapakuwa na nyasi, palikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari ili upepo usiupeperushe. Kila aliyepita aliacha nyayo. Kwa hiyo kabla ya kupiga ule mpira wa mwisho, ulishika gunia lenye kamba, ukaliburuta mara moja kutoka kwenye mpira hadi shimoni. Njia ikalainika, ndipo ukapiga. Baba aliniambia, "Ukishafagia, aliyekosa kabla yako hayupo tena. Hata kama ni wewe."

Nikaifuata kazi yake. Nikaenda kucheza Nairobi, kwenye nyasi laini ambazo siku ya kwanza nilivua viatu nizikanyage tu. Lakini mkono ulikuwa na mazoea yake. Kila nikikaribia shimo ulijinyoosha wenyewe, ukaburuta gunia ambalo halipo. Wenzangu wakavunjika mbavu. "Huyu anafagia nini? Ameajiriwa usafi?" Nikaona haya. Nikauzuia mkono.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo kutetemeka kulipoanza. Mpira uko karibu, mtoto angeusukuma kwa kidole, na mimi mkono unaruka. Nikikosa mmoja, unaofuata naupiga huku bado nauona ule wa kwanza. Mwishowe nilisimama pale na mipira yote niliyowahi kukosa. Mashindano yakanishinda, nikaacha. Baba akafariki nikiwa bado natetemeka, na hilo liliniuma kuliko yote.

Nikaja huku kuwa askari wa lango, kwenye jengo moja kule Lusail. Sikumwambia mtu nilikuwa nani. Lakini kutetemeka nako kulipanda ndege. Kukaingia kwenye kijiko, kwenye funguo, kwenye kalamu. Mnakumbuka siku niliyomwagia dada yetu mmoja chai hapa nje baada ya ibada, gauni lake jeupe lote? Ni muuguzi. Simtaji, ingawa naona ameinamisha kichwa. Hakujifuta kwanza. Alinishika viganja akasema, "Kaka, hii mikono lazima ionwe." Akanipeleka kwa daktari, nikapimwa, nikaambiwa haina ugonjwa. Nilirudi nikalia. Ugonjwa ungekuwa na dawa. Na kazini walikuwa wameanza kunitazama, maana askari anayetetemeka langoni, nani atamweka? Niliogopa kwamba nitarudi nyumbani nikiwa na mikono isiyoweza kushika chochote.

Sasa sikieni. Asubuhi moja basi lilikuwa likiturudisha kambini, Industrial Area. Ulikuwa ule ukungu mweupe wa huku, unaofanya majengo yaonekane hayana miguu. Nikasinzia. Nikamwona baba na kofia yake, anaburuta gunia juu ya mchanga wa kando ya barabara, taratibu, anaelekea kwenye ule weupe. Hapakuwa na shimo wala uwanja. Nikamuuliza, "Baba, unafagia nini?" Akasema bila kugeuka, "Njia yako. Si wewe uliacha?"

Nilipozinduka, mkono wangu ulikuwa hewani, unaburuta. Jirani yangu wa kitanda cha chini kule kambini, Mganda, fundi wa magari ya kampuni, alikuwa ananitazama. "Ssebo, unafukuza nzi gani?" Kwa mara ya kwanza nikaeleza yote. Akacheka. "Mchanga na oili chafu? Mzee, hapa si ndipo nyumbani kwavyo!"

Akamwomba mudiri, meneja wake, kona nyuma ya gereji. Mudiri akasema khalas, basi, chukueni. Tukachanganya mchanga, tukafukia kopo la maziwa liwe shimo, tukafunga kamba kwenye gunia la mchele. Ijumaa, kabla ya kuja hapa kanisani Mesaimeer, nikaanza. Nafagia, napiga. Siku ya kwanza mkono uliruka. Nikafagia tena. Sijui ni Ijumaa gani mkono uliponyamaza. Niligundua baadaye, kama unavyogundua kwamba kiyoyozi kilishazimika.

Kisha nikasikia uwanja mmoja wa gofu hapa Doha unatafuta msaidizi wa mwalimu. Nikaenda. Wakaniweka penye shimo, kwenye nyasi, wakubwa wamesimama pembeni. Nikasikia vicheko vya zamani vyote. Mkono ukataka kunyooka, na haya ikanipanda hadi masikioni. Nikaunyoosha. Nikaburuta gunia lisilokuwepo mbele ya watu wale, polepole, mpaka shimoni. Kuna mmoja alicheka kweli. Nikamwacha acheke, nikapiga. Mpira ukaingia.

Mkubwa wao akauliza nilikuwa nafanya nini. Nikamjibu, "Nafagia, bwana. Kwetu hupigi kabla ya kufagia." Nimeanza kazi pale.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada wa gauni jeupe, na jirani yangu, ambaye bado anakoroma lakini nimemsamehe. Na kwako unayemficha mtu uliyekuwa kabla ya kupanda ndege, nakuambia: kile walichokicheka huenda ndicho kilichokuwa kikikushikilia. Usikitupe.

Baba hakuwahi kuniona nimetulia. Lakini nyinyi mtaniona. Tukitoka hapo nje, yule dada asishike birika. Leo chai namimina mimi, na vikombe vyenu nitavijaza mpaka ukingoni.