Taulo la Pettway

Basi la kutoka maegesho hadi uwanja wa chuo, huku Alabama, haliendi hata dakika kumi. Siku hiyo Verlene Tubbs, mfua jezi wa chuo kwa miaka kumi na tisa, aliliona halifiki. Mbele yake walikaa maskauti wawili, wasaka vipaji wa timu mbili tofauti za kulipwa za futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kugongana miili na vichwa. Zilibaki wiki tatu timu zichague vijana wa vyuo, nao walikuwa wakimpima Pettway, mlinzi wa katikati wa timu ya chuo hicho, kama ng'ombe mnadani.

"Mimi nimeshamfuta kwenye orodha yetu," alisema mmoja wao, mwenye kofia. "Kichwa kimegongwa mno. Nilimpigia simu bibi anayefua jezi zao, akaniambia kijana siku hizi anarudi kudai taulo alilokwisha kulichukua."

Bibi huyo alikuwa Verlene mwenyewe. Alimwambia vile kwenye simu akidhani watampeleka kijana kwa daktari.

"Acha woga, mzee!" mwenzake mnene akacheka. "Namtaka agonge watu miaka mitatu, sio anipigie hesabu. Nyie mfuteni, sisi tumwokote kwa bei ya kutupa."

"Akifia uwanjani?"

"Nani anafia uwanjani? Wanafia kwao, baadaye."

Mwenye kofia akageukia dirisha. Huruma yake iliishia hapo.

Verlene akainama mbele. "Samahani, mabwana. Na kijana mwenyewe, nani kamwambia haya?"

Wakaanza kukusanya vitu vyao. Basi likasimama, mlango ukafunguka. Pettway alikuwa pale nje, taulo shingoni, akitabasamu.

"Bi Verlene! Leo umenisahau? Taulo langu liko wapi?"