Mzee Nukta na Ukurasa wa Arobaini na Mbili

Ijumaa hii, tarehe thelathini, msahihishaji wetu mkuu wa prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda hiki cha vitabu. Kumi na tisa kati ya hiyo ameketi meza moja na mimi, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikifuatisha kwa kalamu. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Aliajiriwa kufunga vifurushi. Akapandishwa chumba cha prufu kwa sababu kila karatasi ya kufungia aliyopewa aliisoma kwanza, akairudisha ikiwa imesahihishwa. Tulimbandika jina la Mzee Nukta kwa kuwa akifika kwenye nukta husimama, hata kama gari la kupeleka vitabu limeshawashwa. Amepitisha kamusi mbili, vitabu vya shule visivyo na idadi, na kalenda moja aliyoiokoa isitoke na Februari ya siku thelathini.

Kisha ikaja kazi yake ya kuagia: mkusanyiko wa hadithi fupi mno, themanini na nne, nyingine zinaishia mstari wa pili. Nilifurahi, nikijua tutamaliza kwa siku mbili. Kumbe nilikuwa najidanganya. Hadithi moja inasimuliwa na kiatu cha kushoto. Nyingine ni orodha tu ya vitu vilivyosahauliwa kwa daktari wa meno. Mzee alisoma kila moja mara tatu, akatazama dirishani. Wiki tatu zikapita hivyo. Kila asubuhi mkuu wa uchapaji alikuja kuuliza tumefika wapi, na wa kutafuta jibu nilikuwa mimi.

Ukurasa wa arobaini na mbili ulikuwa na mstari mmoja: "Mama alipika chakula cha watu sita, akakumbuka, akapakua cha watano." Chini yake, weupe mtupu. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini nilikuwa nimechoka kungoja. Siku Mzee alipokwenda kushughulikia karatasi za kustaafu, niliamua kwamba hadithi imekatika. Nikaandika chini yake "Inaendelea", nikaupeleka ukurasa mtamboni.

Alirudi wino haujakauka, akaamuru mtambo uzimwe. Mtu asiyewahi kupandisha sauti alisimama mbele ya mafundi wote akasema kitabu hakitoki hivyo, hata kama atafukuzwa zikiwa zimebaki siku tisa astaafu. Niliudhika mno. Nilimwambia, kwa adabu kidogo iliyobaki, kwamba anatuchelewesha kwa ajili ya neno moja. Hakubishana. Alinikalisha mezani petu, akanisomea mstari ule, akasimama kwenye nukta. Aliposoma mara ya tatu ndipo nilipomwona yule wa sita, nikalia mbele ya mtu aliyenichosha miaka kumi na tisa.

Kitabu kimetoka kikiwa kimechelewa siku nne, na ukurasa ule uko kama ulivyoandikwa. Asante, Mzee wetu, kwa ukaidi wako. Nenda ukapumzike na mama watoto na wajukuu, usome taratibu, pasiwe na wa kukuharakisha. Tunakutakia afya njema na siku nyingi.

Jumatatu nitamimina chai vikombe viwili, kisha nitakumbuka.