Ukuta wa Mwalimu Hafidha

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Hafidha Masoudi anastaafu baada ya kufundisha michezo miaka thelathini na minne: kumi na miwili Nachingwea, iliyobaki hapa Ruangwa. Wanafunzi hawakuwahi kumchosha. Waliomchosha ni sisi walimu wenzake.

Kila Januari alimsimamisha kila mwanafunzi kwenye ukuta wa stoo ya michezo, akachora kwa mkaa alama ya urefu wake, kisha akaandika pembeni muda wake wa mbio za mita mia nane. Tulidhani anajifurahisha tu. Mwanafunzi mmoja, Adinani, alirefuka sentimita kumi kwa mwaka mmoja, akawa anajikwaa hata pasipo na jiwe. Mwaka uliofuata akaota misuli na majivuno. Mwalimu akamwambia, “Usijisifu, baba. Hiyo kazi ya umri. Yako bado hujaianza.”

Walioonewa ni wasichana. Zulfa wa kijiji cha Likunja hakuwa akishikika kidato cha kwanza. Alipotoka unyagoni, mwili umebadilika na uzito umeongezeka, akachelewa kwa sekunde kumi na moja. Kamati ya michezo, nami nikiwamo, ikamkata jina kwenye orodha ya mashindano. Mwenyekiti akasema, “Huyo mama sasa, mwacheni akapike.” Tukacheka.

Mwalimu Hafidha hakucheka. Alituswaga hadi stoo, akatuonyesha alama za wasichana kumi na wanane waliopungua kasi katika umri uleule. Walioachwa waendelee na mazoezi walirudia kasi yao. Waliokatwa majina hawakurudi. “Mnampima kwa mwili wa mwaka jana,” alisema. “Huu mpya hata hajauzoea.” Akakataa kusaini orodha. Tulibishana siku nne nzima! Zulfa akaenda mashindanoni, akawa wa sita, nasi tukanung'unika. Kidato cha nne aliuvunja muda wake wa utotoni, na mwenyekiti akatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Wiki iliyopita, katika kupamba shule kwa ajili ya sherehe hii ya kumuaga, tuliupaka ukuta ule rangi ya krimu. Miaka ishirini na miwili ikafutwa kwa ndoo mbili, eti kwa heshima yake. Mimi nilihama kwetu Kilimarondo zamani, na palipokuwa na nyumba yetu hapajulikani tena. Nami ninayejua uchungu wa alama kufutika, nilipaswa kuwa wa kwanza kuzuia brashi.

 Mwalimu alipouona ukuta alichukua mkaa jikoni, akamwita Biasha wa kidato cha kwanza, akamsimamisha hapo rangi ikiwa bado mbichi. Ushungi wa Biasha una krimu mpaka leo, na alama yake ipo.

Mwalimu, asante, na utuwie radhi. Tunakuombea afya na utulivu huko Matambarale unakokwenda kupumzika. Januari tutampima Biasha tena, na Zulfa ameahidi kuja kushika mkaa.