Hakuna Bendera Juu ya Ruphin

Ndugu wafiwa, baba na mama mulioacha kazi zenu leo, mimi Louise, dada mukubwa wa marehemu, sikusoma, ndiyo maana mujukuu wangu Élysée anawasomea maneno haya vile nimeyatoa kinywani.

Ruphin alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Machi 1958, akasoma kule kule mupaka mwaka wa tano wa shule ya musingi, baba akafariki, akashika jembe. Mwaka 1979 akahamia hapa Kasongo kulima na kuuza muchele, akiufikisha mupaka Salamabila, na tarehe 6 Juni 1982 akafunga ndoa na Darlène, Mungu akawapa watoto wanne.

Chama cha Prezida alikiingia kwa moyo wote, na Prezida aliposhusha bei ya dawa, Ruphin, aliyeugua sukari tangu 2015, alitembeza kichupa chake sokoni akisema, "Muone, leo hata masikini anapona!" Lakini Prezida huyo huyo alipoacha muchele wa inje uingie bila ushuru, na wetu ukakosa mununuzi, Ruphin alisimama katika mukutano wa chama: "Kwa dawa, aksanti. Kwa muchele, ametuua." Wakubwa wakamufokea, "Papa, ukipenda mutu, umupende muzima!" akawajibu, "Kwani mimi ni muke wake?" Watu wakacheka mupaka mukutano ukavunjika, naye akanyang'anywa kofia ya chama. Wapinzani wakakimbia kumuletea yao, akawauliza, "Na dawa, mutaishukuru lini?" wakarudi nayo.

Tangu siku ile pande zote mbili zilimunyima salamu, mupaka sukari ikamushinda, akafariki hospitalini tarehe 9 Februari 2025.

Jana wote wamekuja na bendera, kila upande unasema, "Alikuwa wetu," unataka kufunika sanduku. Nimewaambia, "Baba zangu, ingieni mulie, bendera zibaki inje." Sanduku munaliona, limefunikwa na kirago alichoanikia mupunga wake, juu yake kichupa chake cha dawa, vyote viwili, na hakuna atakayeondoa kimoja mimi nikiwa hai.

Aksanti kwa minganga wa hospitali na wauguzi, kwa majirani waliopika na kukesha nasi, kwa wauza muchele wenzake waliochimba kaburi.

Ruphin, mutoto wa mama, lala kwa amani, hakuna tena wa kukuvalisha kofia.