Jani la Mgomba Lililochanika

Kijiwe chetu hakikuwa na kibao, wala hakikukihitaji. Ukitoka stesheni ya reli kuelekea sokoni, ulifuata harufu ya kahawa ya Mwinshehe mpaka ukaona taruma la reli limelazwa juu ya matofali, limeegemea ukuta wa ghala, ndilo benchi letu. Hapo ndipo mambo ya Morogoro yalipokuwa yakiamuliwa, mwaka ule wa sabini na nne, kabla hayajapelekwa ofisini kupigwa mhuri. Ernest tulimwita Profesa, kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa shamba la mkonge na alivaa miwani ambayo jicho moja halina kioo. Stefano tulimwita Zambia, maana alikuwa utingo wa malori ya mafuta yaliyokuwa yakienda huko mpaka mgongo ukamkatalia. Mimi wananiita Kipaza. Wanasema habari ikinifikia asubuhi, adhuhuri iko Kilosa, na mimi sikatai. Mwinshehe peke yake hakuwa na jina la utani. Mtu aliyeshika birika hataniwi. Kando ya taruma dada Scholastika, mwenyeji wa Mgeta, alitandaza gunia lake la njegere na koliflawa, na siku hiyo hakuwa na raha hata kidogo.

— Anakuja leo, — alisema. — Yule shangazi yake bwana harusi.

— Yule wa Gairo? — nikauliza.

— Huyo huyo. Bi Yuliana. Alipokuja na posa ya Kristina wangu, nilikuwa nimevaa hii.

Akafungua pindo la kanga, akatoa bruchi, pambo la kubania nguo. Hata kama umeiona mara mia, utaitazama tena. Jani la mgomba la shaba, urefu wa kidole, limechanika pembeni kama upepo wa mlimani unavyoyachana majani ya migomba, na katika kila mchaniko limening'inia tone jekundu linalowaka.

— Akaitazama wee, — akaendelea Scholastika. — Alipofika kwao akaeleza ukoo mzima kuwa ni pambo la mke wa meneja wa mkonge. Kisa, nilimfulia nguo yule mama. Sasa posa imesimama mpaka nieleze nimeipata wapi. Yaani mwanangu asiolewe kwa kuwa mama yake mwizi.

— Na hukumweleza?

— Nilimweleza. Nilibadilishana na Shoto, kwa kikapu cha njegere, mwaka Kristina alipotolewa mwali. Akacheka.

Shoto tulimjua wote. Miaka mingi alikaa pale pale penye kona ya ghala, na kinyundo chake na makaa yake, akiwatengenezea wanawake hereni, mikufu na bruchi kwa vitu ambavyo watu wengine walivipiga teke. Watu walipohamishiwa vijijini, asubuhi moja tukaona kona tupu. Tangu hapo kazi zake hazipatikani. Akina mama wa Kilakala walizitafuta kama sukari, na aliyekuwa nayo moja hakuiazima hata kwa mdogo wake.

— Ninyi mlikaa naye kila siku, — alisema Scholastika. — Akija, semeni hilo tu. Ni kazi ya Shoto. Basi, mnyamaze.

— Dada, hilo tu? — nikasema. — Kikombe changu hakitapoa.

Bi Yuliana alifika jua limeanza kuuma. Mwanamke mnene, mkoba mkononi, na begani amebana kanga yake kwa bruchi ya rangi ya asali ambayo aliielekeza kwa watu kama taa, kidole juu yake. Tukasimama.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Nimeambiwa hapa kuna mashahidi. — Akatazama taruma, akatazama ukuta, akatazama miwani ya Profesa. — Ndio hawa?

Sasa hapo ndipo tulipoharibikiwa. Angetutukana tungevumilia. Lakini yule mama alisema "ndio hawa" kama mtu aliyeonyeshwa kuku wa kununua akakuta ni kifaranga. Mtu wa kijiwe chetu hawezi kuambiwa hivyo halafu akajibu kwa neno moja.

— Mama, umefika penye wataalamu, — alisema Profesa. — Dada, nipe hicho kitu.

Akaigeuza, akaifumbia lile jicho lisilo na kioo.

— Kule Ulaya, — akasema, — mapambo ya namna hii yana wabunifu wake. Kila mbunifu hugonga jina lake nyuma, na matajiri hukusanya kwa majina. Tazama hii. Nyuma hakuna jina.

— Kwa hiyo? — aliuliza Bi Yuliana.

— Kwa hiyo ni ya mbunifu mkubwa kuliko wote. Yule asiyegonga jina kwa sababu dunia nzima inaujua mkono wake.

Scholastika alimtazama kama anavyotazama koliflawa yenye funza.

— Kwa hiyo ni ya Ulaya, — alisema Bi Yuliana taratibu. — Asante baba. Hicho ndicho nilichosema mimi.

Nikaona mambo yanakwenda mrama, na mwenye uwezo wa kuyanyoosha ni mimi.

— Mama, msamehe huyu, mkonge ulimwingia kichwani, — nikasema. — Ulaya waupate wapi wekundu huu? Jua lenyewe huko hulioni. Hii imetoka hapa. Umeuona Lupanga ule pale, umevaa wingu? Ndani ya tumbo la mlima ule kuna mishipa ya rubi minene kama paja. Rubi tupu. Hata malkia hana nyekundu hivi.

— Kipaza, kunywa kahawa, — alisema Mwinshehe.

— Nakunywa. Mama, ulichoshika hapo ni moyo wa Uluguru.

— Rubi, — alisema Bi Yuliana. — Ya kuchimbwa.

— Ya kuchimbwa.

— Na madini si mali ya taifa siku hizi?

Nikakumbuka kahawa yangu. Scholastika alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

— Nimetoka Gairo kuuliza habari za mwizi wa vito vya mzungu, — alisema Bi Yuliana. — Kumbe nimefika kwa mwizi wa serikali.

— Sikusema ilichimbwa na mtu, — nikasema haraka. — Ilichimbwa na radi. Radi ikipiga Lupanga jiwe huruka lenyewe, na kitu kilichorushwa na radi hakina mwenyewe. Hili liliangukia Mgeta, kwenye njegere za dada.

— Wewe umeliona likianguka?

— Nilisikia mlio.

— Uongo, — alisema Profesa. — Hii ilipotea kwenye treni, kwenye behewa la daraja la kwanza, mwaka alipopita binti mmoja wa kifalme. Mimi nilikuwa stesheni. Alilia mpaka Dodoma.

— Ukiwa shule ya chekechea, — nikamwambia.

— Nilianza kazi mapema.

— Jamani, — alisema Scholastika, na sauti yake ilikuwa ndogo. — Nawaomba. Mwanangu.

Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaisifu. Kila mmoja alitaka iwe kubwa kuliko alivyoifanya mwenzake, na kadiri ilivyokuwa kubwa ndivyo ilivyomtoka mama wa njegere mikononi. Zambia, aliyekuwa ameegemea ukuta muda wote kwa sababu ya mgongo wake, akanyoosha mkono.

— Nipeni mimi.

Akaigeuza mbele ya Bi Yuliana, akaweka ukucha nyuma ya tone moja.

— Mama, macho yako bado mazima?

— Kuliko yako.

— Huku nyuma ya tone unaona nini?

Bi Yuliana akasogea.

— Vichunusi. Vimejipanga kama sega la nyuki.

— Rubi haina sega. Hiyo ni taa ya nyuma ya lori. Sega linatawanya mwanga usiku, aliye nyuma akuone. Na hii shaba ni ya rejeta. Tulipinduka na dereva wangu mbele ya Mikumi, mafuta yakamwagika, Mungu akasaidia hayakuwaka. Taa zikabaki vipande vipande barabarani, nyekundu na njano, zinapendeza. Nikazoa mfuko mzima nikamletea Shoto. Akaniuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi hizi ni za harusi."

Mimi nilikuwa nimeipa bruchi ile mlima mzima, sasa imeteremka mpaka kwenye matako ya lori. Kwa muda kidogo iliniuma. Halafu nikalitazama tena lile jani, na kifua kikaanza kupanda chenyewe.

— Umesikia mama? — nikasema. — Hao wabunifu wa Profesa wanapewa dhahabu na almasi, halafu wanatengeneza kitu kizuri. Ukipewa almasi utashindwaje? Huyu wetu kapewa ajali. Na mtu wa Ulaya atawezaje kuchora jani la mgomba lililochanika? Atachora zima, kama la kitabuni. Lililochanika analijua aliyelala chini yake upepo ukivuma.

— Hilo la mwisho ni kweli, — alisema Mwinshehe, na Mwinshehe hasemi hivyo kila siku.

Bi Yuliana aliichukua bruchi. Alikuwa anajaribu kufungua kipini cha bruchi ili atazame nyuma vizuri, na kipini kilikuwa kinamshinda.

— Kipini gani hiki? Kinafunguka upande usio wake.

— Kwa sababu aliyekitengeneza alitumia mkono wa shoto, — alisema Zambia. — Alikipinda kama mkono wake ulivyotaka. Mwanamke akinunua kwake, wiki ya kwanza anajichoma vidole, halafu mkono wake wa kushoto unazoea. Dada, mwonyeshe.

Scholastika akaichukua, akaifungua kwa kushoto bila kutazama, kama mtu anayefungua mlango wa kwake.

— Mnaweza mkawa mmepanga, — alisema Bi Yuliana. — Utingo rafiki yenu, na kahawa mnakunywa pamoja.

Lakini hakulisema kwa nguvu. Mkono wake ulikuwa umepanda begani, ukafunika ile bruchi yake ya asali. Mwinshehe alikuwa anamwekea kikombe. Akasema kwa adabu, bila kuinua macho:

— Na hiyo yako mama, inafunguka upande gani?

— Hii ni ya Ulaya. — Akajikunja kidogo. — Marehemu mume wangu aliniletea safarini. Alisema imetoka Ulaya.

— Sikuulizi imetoka wapi, mama. Nauliza inafunguka upande gani.

Angeweza kuondoka. Basi la Gairo lilikuwa bado lipo, na posa ya mtoto wa watu ingebaki njiani. Akakaa. Halafu akaifungua ile bruchi begani, na sote tuliona amefungua kwa mkono gani.

Ilikuwa hindi. Hindi la shaba, punje zake za njano zimepangwa mistari, na hapa na pale punje hazipo.

— Zilidondoka, — alisema Bi Yuliana. — Nilikuta zimedondoka tangu aliponipa. Nimekuwa nikiziwekea kidole watu wasione mapengo.

Scholastika akafuta mkono wake kwenye kanga, akalipokea hindi, akapitisha kidole kwenye pengo moja, kisha la pili.

— Mama, hizi hazikudondoka. Pitisha kidole. Ni laini, hapakuwahi kuwa na kitu. Hili ni hindi lililoanza kuliwa.

Bi Yuliana akapitisha kidole. Akapitisha tena. Zambia akasogea, akaligeuza kwa ukucha.

— Sega hilo hapo, — alisema. — Za njano ni indiketa.

— Mume wangu alipita Morogoro, — Bi Yuliana alisema, akawa kama anaongea na mkoba wake. — Siku ile alitokea Dar es Salaam kwa treni, akashuka hapa kutafuta lori la Gairo. — Akagusa punje za hindi. — Na mimi miaka yote hii nawaambia wanawake wenzangu kule, ya Ulaya, ya Ulaya.

— Sasa utawaambia kubwa zaidi, — nikasema.

Bi Yuliana alichukua lile jani, akamvuta Scholastika karibu, akalibandika yeye mwenyewe kwenye kanga ya mwenzake, kwa kushoto.

— Siku ya harusi uivae hapa, — alisema. — Isifichwe. Nitakaa karibu yako na ya kwangu. Anayetaka kusema aseme mbele yetu.

Scholastika akainama haraka akaanza kumjazia njegere kwenye mkoba, na njegere nyingine zikamwagika, na hakuna aliyeziokota. Profesa alivua miwani akaifuta, hata lile jicho lisilo na kioo.

— Haya, — alisema Bi Yuliana akijiweka sawa. — Watauliza. Wanawake wa Gairo nawajua, hawali nyama bila kuuliza jina la ng'ombe. Huyu mbunifu wetu aliitwa nani?

— Shoto, — tukasema pamoja.

— Shoto ni mkono. Nauliza jina. Alilopewa na mama yake. Na huyo mama ni wa ukoo gani, ili nijue namsifu nani.

Zambia akatazama miguu yake. Alikunywa naye kahawa miaka yote, akamzolea taa barabarani. Profesa akavaa miwani yake. Scholastika alikuwa ameshika jani lake, midomo inasogea, anatafuta.

— Mimi nilimwita fundi, — alisema.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Kwa sababu nani mwingine. Na nataka mjue kwamba jina nilikuwa nalo. Lilinijia papo hapo, la kutunga kama rubi yangu, zuri, la ubatizo na la ukoo, na kijiji chake, na mto unaopita pale. Ningelitoa, lingefika Gairo jioni ile ile, na mpaka leo lingekuwa linatajwa kwenye harusi.

Bi Yuliana alikuwa anasubiri, kidole kwenye pengo la hindi.

Nikalimeza, nikanyoosha kikombe kwa Mwinshehe. Akainamisha birika mpaka mwisho, yakatoka mashapo.