Delhi Kabla ya Lagankhel

Basi letu la kwenda Lagankhel, humu humu mjini, lilinasa nyuma ya gari la sherehe lililobeba sanamu ya mungu wa mvua, likivutwa kwa kamba na nusu ya mji. Mama mmoja, aliyepanda baada ya kuiona ndege ya mkwewe ikipaa, alibishana na mzee aliyeketi kando yake.

"Delhi ni kilomita mia nane, mama! Mimi kwa basi nililala njiani. Hayo maandazi ya mchele, hayo ya sel uliyompa mkweo, yatafika yamekuwa mawe."

"Kwa ndege safari haimalizi hata saa mbili, baba. Nimeyafunga kwa shali yangu."

Kwa karibu saa mbili, mungu alisogea kidogo. Sisi hata hicho kidogo hatukukipata.

Simu ikalia. Mama akasikiliza, kisha akaibandika sikioni mwa mzee.

"Msikie! Ameshatua, na maandazi bado vuguvugu. Haya, wewe Lagankhel unafika lini?"

Basi zima likashangilia. Dereva akazima injini.